Mashine ya sumaku kichwani kwa mraibu wa unga, wakuu ina maana?

Mkorosho_Mikindani: Wakuu, kijana wa miaka 27 hapa kwetu anavuta unga (heroini) mwaka wa nne. Akikosa kete anazima arosto, yale mateso ya kukosa unga, kwa tramadoli, vidonge vya maumivu. Familia imeambiwa India wanachochea ubongo kwa sumaku bila kupasua kichwa, wanataka kuuza mikorosho. Ataacha kweli?

Fundi_Neva: Koili, yaani waya uliozungushwa unaotoa sumaku, yenye umbo la namba 8 inawekwa kichwani kushoto, nyuma kidogo ya paji. Kwanza wanapiga pigo moja moja juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha mkono mpaka kidole gumba kiruke; hapo ndipo wanapojua watumie nguvu kiasi gani kwenye tiba. Halafu mapigo 10 kwa sekunde, kwa mafungu yenye mapumziko, siku 5 kwa wiki, wiki 4 hadi 6. Lengo ni kuamsha sehemu inayozuia hamu. Marekani iliidhinisha kwa sonona 2008 na kwa kuacha sigara 2020. Kwa unga bado wanajaribia.

Ila mimi ningeanza na hiyo tramadoli. Yenyewe tu yaweza kumwangusha kifafa, na sumaku nayo hivyohivyo. Akificha anachomeza, ndipo balaa. Mwenye chuma ndani ya fuvu asikaribie kabisa.

DadaWaMasasi: Mikorosho isiuzwe! Methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya unga, ni bure, Muhimbili wanaitoa tangu 2011. Ulizeni hospitali ya mkoa kliniki ya karibu iko wapi, maana anameza kila siku mbele ya mhudumu. Kama ni Dar, tafuteni pa kulala kwanza. Huanza miligramu 15 hadi 30 na kupanda taratibu, kwa sababu dawa hujilimbikiza mwilini. Wengi hutulia kwenye 60 hadi 120. Akiwa kwenye rifampisini ya TB, methadoni inaisha mwilini upesi na arosto inarudi, watu wanadhani amepunjwa. Akikosa siku 3, asirudie dozi ya zamani bila kupimwa.

Mkorosho_Mikindani: Asante dada. Na kile kifaa cha betri chenye sponji mbili, cha mtandaoni?

Fundi_Neva: Hicho ni umeme wa miliampia 2, dakika 20. Sponji ikikauka inaunguza ngozi. Achaneni nacho.

DadaWaMasasi: Na tramadoli asiikate ghafla, apunguziwe na daktari. Akishakaa wiki mbili bila unga, mwili hauhimili tena kete aliyoizoea, itamzima pumzi. Akikoroma na midomo ikibadilika rangi, mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali achomwe naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya unga mwilini.