Majeruhi wanaongezeka na zimebaki wiki nne ligi ianze: nani wa kuhofia, na nini bado kinarekebishika?

Mwanjelwa Damu

Habari za jioni wakuu. Zimebaki wiki nne ligi ianze na kila Jumatatu timu yetu hapa Mbeya inatangaza majeruhi mpya. Mpaka leo winga wa kulia na beki wa kushoto wanauguza nyama za paja, kiungo mkabaji enka, straika mpya "maumivu ya nyonga", na beki wa kati aliyepasuliwa goti Januari tunaambiwa mechi ya kwanza atakuwemo. Mazoezi ni saa 12 asubuhi uwanjani, jioni wanapandisha mlima. Huku mtaani wengine wanasema ni baridi ya Julai, wengine wanasema uwanja umekuwa mgumu kama lami. Kamati ya tawi letu la mashabiki inakutana na benchi la ufundi Jumamosi na tunataka tuulize maswali ya maana, siyo kupiga kelele. Wenye utaalamu naomba msaada: yupi kati ya hawa wa kuhofia zaidi, na ndani ya wiki nne kuna cha kufanya?

Fizio wa Kihesa

Kamwene mkuu. Idadi peke yake isikutoe jasho. Utafiti wa majeraha unaofanywa na UEFA kwa klabu kubwa za Ulaya ulionyesha kikosi cha wachezaji 25 hupata majeraha 50 hivi kwa msimu, na matano kati ya hayo ni ya nyama za nyuma ya paja. Hao wana madaktari na vifaa vya kila aina. Cha kutazama ni aina ya jeraha na namna mtu anavyorudishwa.

Nianze na paja maana una wawili, na wote ni wa pembeni, watu wa mbio. Nyama za nyuma ya paja huchanika mara nyingi mchezaji akiwa kwenye kasi ya juu kabisa, pale mguu unaporushwa mbele na msuli unatakiwa kuuzuia huku wenyewe ukivutika. Sasa angalia ratiba yenu: jioni mlima. Mlima unajenga pumzi, unajenga makalio na mashavu ya miguu, lakini mtu anayepanda hafikii kasi yake ya juu na hatua zake ni fupi. Anashuka na mapafu ya kutosha dakika 90, halafu mechi ya kirafiki anafukuzia mpira wa mita 40 kwenye tambarare, na msuli wa nyuma haujaonja kasi hiyo tangu msimu uliopita uishe. Hapo ndipo anaposhika paja.

Kwa hiyo swali la kwanza Jumamosi liwe hili: kwa wiki wanakimbia kasi kamili mara ngapi? Inatosha mara 2, zipishane angalau saa 48, mara tu baada ya kupasha misuli wakiwa hawajachoka. Wiki ya kwanza mbio 4 za mita 30 kwa asilimia 80 ya kasi, kisha wapande taratibu hadi mbio 6 kwa asilimia 95. Kati ya mbio na mbio wapumzike dakika 2 kamili. Kocha akikata mapumziko ili "wakomae", zoezi linageuka la pumzi na kasi yenyewe hawaifikii.

La pili ni zoezi la nyama za nyuma ya paja liitwalo Nordiki. Mchezaji anapiga magoti kwenye mkeka, mwenzake anambana vifundo vya miguu. Kuanzia goti hadi bega anyooke, ajishushe mbele polepole akizuia kwa nyama za nyuma ya paja mpaka zishindwe, ajidake kwa mikono, ajisukume kurudi. Wiki ya 1 afanye siku moja tu, seti 2 za 5. Wiki ya 2 siku mbili, seti 2 za 6. Wiki ya 3 siku tatu, seti 3 za 6 hadi 8. Wiki ya 4 siku tatu, seti 3 za 8 hadi 10. Msimu ukianza, mara moja kwa wiki inatosha kulinda kilichojengwa. Timu zinazolifuata kwa uaminifu hupunguza majeraha haya kwa karibu nusu. Linaharibika kwa njia mbili: mchezaji kukunja kiuno ili lisiume, na kocha kuanza na seti 3 za 12 siku ya kwanza. Watu wanaamka hawawezi kukaa, na wiki inayofuata hakuna anayelitaka tena. Siku moja kabla ya mechi lisifanyike.

Hao wawili walioumia wasianze nalo mpaka waweze kukaza msuli bila maumivu.

Mwalimu wa Mchangani, Uyole

Fizio amesema vizuri, ila baridi tusiitupe. Asubuhi ya Julai hapa kwetu inashuka chini ya nyuzi 10. Saa 12 kamili mtu ametoka kitandani, viungo vya mwili havijafunguka, anaingia kwenye mbio. Wasogeze hadi saa 3, au kama lazima iwe alfajiri, kupasha misuli kusipungue dakika 20 na tracksuti zisivuliwe mpaka jasho litoke. Ule mpango wa kupasha misuli uitwao FIFA 11+ hauhitaji kifaa zaidi ya koni na mpira: mazoezi 15, kukimbia taratibu dakika 8, nguvu na usawa wa mwili dakika 10, kukimbia kwa kasi dakika 2. Kazi yake inaonekana kwa timu inayoufanya angalau mara 2 kwa wiki, siyo siku ya mechi peke yake.

Uwanja nao: mvua zetu zinakata Mei, mpaka Agosti ardhi imekauka. Njumu za meno marefu ya chuma ziachwe nyumbani. Hazizami, uzito wote unakaa kwenye meno machache na nyayo zinaumia. Wavae zenye meno mafupi mengi ya plastiki. Uwanja umwagiliwe jioni ya kuamkia mazoezi, maji yapate usiku kuzama. Ukimwaga asubuhi unapata utelezi juu na ugumu chini.

Lakini kuna jambo ambalo kamati mnalijua na hamlisemi, nalo ni ndondo, zile mechi za mtaani nje ya timu. Kocha apige hesabu: dakika za mazoezi mara ugumu wa 0 hadi 10 ambao mchezaji mwenyewe anautaja. Mazoezi matano ya dakika 75 kwa ugumu wa 5 ni 1,875 kwa wiki. Jumapili mchezaji akienda kucheza ndondo dakika 90 kwa ugumu wa 8, ameongeza 720 ambazo hazipo kwenye daftari. Mzigo wa wiki umeruka zaidi ya theluthi moja, na Jumatatu kocha anampangia mbio kama mtu aliyepumzika. Hao mnaotangaziwa kila Jumatatu, ulizeni Jumapili walikuwa wapi.

Mwanjelwa Damu

Nashukuru sana walimu wangu. Ndondo kweli ipo, siwezi kuficha. Na hao wengine? Goti, enka na nyonga? Pia nasikia winga atachomwa sindano ya maumivu acheze mechi ya kirafiki wiki ijayo.

Fizio wa Kihesa

Sindano hapana, mkuu. Diklofenaki inazima maumivu, msuli uliochanika unabaki ulivyo. Maumivu ndiyo breki pekee aliyonayo huyo kijana. Kati ya majeraha ya paja yaliyohesabiwa na UEFA, karibu moja kati ya matano ni la kurudia, na zaidi ya theluthi mbili ya hayo ya kurudia hutokea ndani ya miezi 2 baada ya mchezaji kurudi. Winga arudi akibonyezwa haumii, nguvu za mguu ulioumia zimefika asilimia 90 ya ule mzima, amekimbia kasi kamili siku mbili tofauti bila shida, na amemaliza wiki nzima na wenzake. Kama maumivu yako juu kabisa, karibu na kalio, huenda kano imeguswa. Hapo apigwe picha, na hesabu inahama kutoka wiki kwenda miezi.

Goti ndilo linalonikosesha raha kuliko yote. Kama ni ile ligamenti ambayo magazeti huandika ACL, Januari hadi mwisho wa Agosti ni miezi 7. Utafiti wa 2016 ulionyesha kila mwezi unaosubiri, mpaka kufikia wa 9, hupunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. Miezi 9 ni Oktoba. Na hata Oktoba bado apimwe: kuruka kwa mguu mmoja kwa mbali, kila mguu, na ulioumia ufike asilimia 90 ya ule mzima. Kamati ikitaka kupigania kitu kimoja tu, ipiganie hili. Beki atakayewafaa miaka ijayo hauzwi kwa mechi moja ya ufunguzi.

Enka: kama siku ile hakuweza kutembea hatua 4, au mfupa wa kifundo unauma kwa nyuma ukibonyezwa, alipaswa kupigwa eksirei. Kama ni kuteguka tu, asikandwe kwa maji ya moto wala kuchuliwa siku 2 za kwanza. Barafu kwenye kitambaa dakika 10 hadi 15, bendeji, mguu juu. Baadaye asimame kwa mguu huo sekunde 30, kisha macho yakiwa yamefumbwa, kila siku. Acheze amefunga kifundo kwa utepe mgumu wa kunata msimu huu wote.

"Nyonga" ni neno pana mno, waambieni wafafanue. Alale chali, abane mpira katikati ya magoti kwa nguvu zote sekunde 5, aseme maumivu kwa 0 hadi 10. Mpaka 2 afanye mazoezi yote, 3 hadi 5 apunguziwe mashuti na kugeuka ghafla, 6 kwenda juu apumzike aonwe. Ni kipimo cha dakika moja, kila asubuhi, kikosi kizima.

Mwalimu wa Mchangani, Uyole

Niongezee moja. Huyo straika kama katoka Pwani, hapa tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Siku 10 hadi 14 za mwanzo anachoka upesi, apunguziwe mzigo.

Na kama mechi ya kwanza ni Dar, basi lisiondoke Ijumaa jioni kwa mechi ya Jumamosi. Ni zaidi ya kilomita 800, magoti yamekunjwa usiku kucha. Wafike siku mbili kabla. Njiani basi lisimame kila baada ya saa 2 hivi, Makambako, Iringa na kuendelea, washuke watembee dakika 10. Wakifika wafanye mazoezi mepesi dakika 30 bila mbio, za kasi ziachwe hadi kesho yake.