Kupiga picha majumba ya kale: kuna maisha humo?

Chipukizi_Dar:
Wakuu, habari za jioni. Napiga harusi na send-off hapa Dar. Hela ipo, moyo haupo. Napenda majengo: nyumba za zamani za Kariakoo zinazobomolewa kupisha maghorofa, na Mji Mkongwe kila nikipata nauli ya boti. Yupo anayeishi kwa kazi hii? Picha zangu za milango ya Zanzibar hazina tofauti na za mtalii yeyote.

Babu_wa_Shangani:
Mwanangu, uache mlango, umeshapigwa mpaka umechoka. Zunguka nyuma, pale bomba linapovuja na ukuta umevimba. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mtu akiziba ufa kwa saruji, unyevu unakosa pa kutokea; plasta inabanduka, na boriti inaoza kichwani, kule ndani ya ukuta usikokuona. Picha hiyo haifai kwa postikadi, lakini fundi na mhandisi ndiyo wanayoitaka.

Tazama Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu hapa kwetu Mji Mkongwe. Sultani Seyyid Barghash aliijenga 1883, na mnara wake ulikuwa umesimama peke yake mbele ya jumba. Waingereza walipopiga mizinga Agosti 1896 mnara ukaharibika, ndipo baadaye ukajengwa mwengine ulioshikana na jumba. Picha za zamani zinaonyesha wazi. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja ukaporomoka, mnara nao. Sote tunaojuana tulikuwa na picha ya jumba kutoka Forodhani, bustani iliyo mbele yake. Wenye picha za dari na viungo vya nguzo za chuma walihesabika.

Halafu hizo harusi usizidharau. Ukija tena, ingia Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Riziki yake ilikuwa studio, kama wewe, na leo watu wanakwenda kuutafuta mji kwenye picha zake. Basi bibi harusi akishapigwa, rudi nyuma hatua kadhaa, baraza na ngazi ziingie. Andika mtaa, tarehe, na umesimama upande gani. Picha isiyo na maelezo hayo, wajukuu wataibishania tu.

BintiLamu:
Naongezea, babu. Huku Lamu nyumba imeufunga uzuri wake ndani: zidaka za plasta (vishubaka vya ukutani), kiwanda, yaani ua wa ndani, na chumba cha ndani cha wanawake. Usiinue kamera kabla ya kupiga hodi na kukaa kwanza. Ukirudi, wapelekee picha iliyosafishwa kwenye karatasi. Mara ya pili utaonyeshwa mpaka juu darini.

Chipukizi_Dar:
Shikamoo babu, asante dada. Na malipo je? Nidai kwa picha au kwa siku?

Babu_wa_Shangani:
Marahaba. Kwa siku, kama ni wahandisi. Wao watataka ukuta mzima, hata pembe zisizo na kitu. Uwe na fimbo yenye alama za sentimita uisimamishe ukutani, na mistari ya ukuta isilale kwenye picha. Hoteli wanalipa vizuri zaidi ila watakwambia ufute nyaya za umeme. Wafutie kwenye nakala yao, ya kwako ibaki na nyaya zake. Na mkataba kwanza: kuna watu wa mradi walitundika picha zangu ukumbini bila jina langu, na chai wakaninyima.