Nyumbani au ofisini: anayekaa Usa River na ofisi iko Njiro achague ipi?

Binti wa Usa
Wakuu, habari za jioni. Niko kitengo cha kupokea bukingi kwenye kampuni ya utalii. Bosi katupa uhuru: anayetaka kufanyia kazi nyumbani ruksa, anayetaka ofisini meza yake ipo. Nakaa Usa River, nje kidogo ya Arusha, ofisi iko Njiro, Arusha mjini. Haisi moja hadi mjini, nyingine hadi Njiro, na jioni hivyo hivyo. Barabara ya njia nne kutoka Sakina inaishia Tengeru, kwa hiyo kipande changu ni kufuata malori nyuma nyuma, na Jumatano au Jumamosi gulio la Tengeru likichanganya ndiyo kabisa. Nauli naijua. Naomba mnisaidie kulinganisha hayo mengine.

Kijana wa Rau
Nipo Moshi, naandika programu. Nyumbani, ila jipange kwanza na umeme. Ukikatika, laptop ina chaji yake. Kinachokuangusha ni ruta. Ruta nyingi zinatumia volti 12, hivyo kabetri kadogo kanakuvusha bila jenereta. Na uwe na laini za mitandao miwili tofauti. Masika ikiingia utanikumbuka.

Mama Wawili
Mdogo wangu, umeme una dawa. Watu ndio kazi. Nilivyoanza kushinda nyumbani, mtaa mzima ulijua nimeachishwa kazi. Saa nne asubuhi jirani anapiga hodi: "Nishikie mtoto nifike sokoni mara moja, si upo tu?" Mgeni wa mama mkwe naye anaelekezwa kwangu, na huwezi kumwambia mama mkwe uko kwenye kikao huku anakuona umekaa sebuleni. Nikakodi chumba cha uani kwa jirani, mlango unafungwa kwa ndani, dada wa kazi ndiye anayepokea wageni. Hapo ndipo mambo yakatulia. Kama huna chumba chenye mlango, nenda ofisini.

Mzee wa Safari
Mimi ni wa ofisini na siyumbi. Kazi yetu haiishii kwenye kompyuta. Dereva anarudi jioni kutoka Serengeti, anapita kukabidhi gari, anasema njia ya Ndutu imeharibika, au kambi fulani maji ya moto yanasumbua. Hayo hayaandikwi kwenye barua pepe. Aliye mezani anayasikia na kesho anampangia mteja vingine. Aliye nyumbani anayasikia mteja akishalalamika. Binti, kama bado unajifunza kazi, usijifungie.

Binti wa Usa
Mzee wangu, hilo limenigusa, kazini bado ni mgeni. Lakini wateja wangu wengi ni wa Marekani. New York ikiwa saa tatu asubuhi, hapa ni saa kumi jioni. Majira yao ya baridi ni saa kumi na moja. Yaani ninapowahi haisi ndipo simu zinaanza.

Mtetezi wa Kazi
Hapo ndipo pa kuwa makini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu, na kazi ya kuanzia saa mbili usiku hadi kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Ofisini mlango ukifungwa kila mtu anajua umemaliza. Nyumbani unajibu mteja huku unapakua chakula, mwingine ukiwa kitandani, na hakuna anayehesabu. Bosi aandike unaanza saa ngapi, unamaliza saa ngapi, na nani analipa bando na umeme.

Binti wa Usa
Asanteni sana. Nimeongea na bosi. Jumatano na Alhamisi nitakuwa nyumbani, nikianza saa sita mchana. Siku nyingine ofisini, nikae karibu na madereva. Amekubali kuandika. Bando analipa yeye, umeme bado tunavutana. Mama Wawili, hicho chumba niangalie nini kabla sijalipa?

Mama Wawili
Dirisha lisiwe upande wa jua la jioni, litakupiga kwenye skrini saa hizo hizo za Wamarekani wako. Na uliza mita ya Luku. Ya kuchangia itakugombanisha na wapangaji wenzako kila mwezi.