Lisbon na vilima vyake: nimpangie vipi safari mama mwenye maumivu ya magoti?

BintiMalindi

Ndugu wasafiri, salamu kwenu. Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa historia. Miaka yote aliyofundisha hapa Malindi aliwapeleka wanafunzi wake kuiona nguzo ya Vasco da Gama iliyo ufuoni, na mwenyewe ametamani muda mrefu kuliona kaburi la baharia huyo huko Ureno. Sasa tumejaliwa uwezo, nasi tumekusudia kukaa Lisbon juma moja. Kinachonitia wasiwasi ni magoti yake: mahali tambarare hutembea vizuri, lakini ngazi humchosha upesi, na katika kila picha ya mji ule naona vilima, vichochoro vya ngazi na njia zilizotandikwa vijiwe. Tupange chumba mtaa gani, na tuzungukeje? Habari ya kiti cha magurudumu hataki kuisikia, nami ningependa kumheshimu katika hilo.

MkaaziWaUlaya

Dada, inawezekana kabisa, ila mahali mtakapolala ndipo patakapoamua mengine yote. Mtaa wa Baixa ulibomolewa na tetemeko la ardhi la Novemba 1, 1755, ukajengwa upya chini ya Marquis wa Pombal, waziri wa mfalme, kwa barabara pana zilizonyooka, na uko bondeni, kwa hiyo ni tambarare mpaka ukingoni mwa mto Tagus. Alfama, uliosalimika kwa sehemu kubwa, ungali na vichochoro ambavyo gari haliingii. Teksi itawashusha chini, nanyi mtabeba mizigo kwa ngazi. Utembeleeni Alfama mchana, lakini msilale huko.

Kuhusu vijiwe: ni vipande vidogo vyeupe vya mawe ya chokaa, na vyeusi vya kutilia nakshi, vilivyosuguliwa na nyayo za watu hadi vikang'aa. Vikilowa huteleza vibaya, hasa kwenye mteremko. Mama avae viatu vilivyofungwa, vyenye soli ya mpira laini na yenye mistari, na avizoee nyumbani kabla ya safari. Ndala na makubadhi ya ngozi ayaache Malindi.

Mwanasafari_Tanga

Naafikiana na ndugu yangu kuhusu Alfama, lakini kuhusu Baixa nina shaka. Barabara zake ni tambarare, ni kweli, ila nyumba nyingi ni za kale, na chumba cha ghorofa ya nne kisicho na lifti kitamtesa mama kila asubuhi na kila jioni kuliko kilima chochote. Ningechagua mtaa wa Saldanha: njia za miguu ni pana, majengo mengi ni ya miaka ya karibuni, na metro (treni ya chini ya ardhi) ya mstari mwekundu huwafikisha hapo moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Popote mtakapochagua, mwandikieni mwenye nyumba kabla ya kulipa na mumwulize mambo mawili: je, lifti ipo na inafanya kazi, na je, kuna ngazi ngapi kutoka barabarani hadi kwenye lifti hiyo? Swali la pili watu hulisahau.

MuuguziPwani

Ninahudumia wazee wenye maradhi ya viungo, na nimewahi kuutembelea mji huo. Wengi hushauri mtu apande kilima kwa gari kisha ashuke kwa miguu, na kwa kijana huo ni ushauri mzuri. Kwa mwenye magoti mabovu, mara nyingi kushuka huuma zaidi kuliko kupanda, kwa sababu goti hubeba uzito wote likiwa limekunjwa huku likiuzuia mwili usiporomoke. Pangeni usafiri wa kurudi chini kwa uangalifu uleule wa kwenda juu, na mama awe na fimbo ya kutembelea yenye kitako cha mpira.

Kwenda kwenye ngome ya São Jorge kuna basi namba 737 kutoka kiwanja cha Praça da Figueira, kilicho Baixa, na kuna lifti za bure zinazoanzia Rua dos Fanqueiros ambazo hupunguza sehemu kubwa ya mlima. Tramu namba 28 ni nzuri kuitazama, lakini vidato vyake viko juu, hujaa watu, na mama anaweza kusimama njia nzima. Kama ana hamu nayo, ipandieni Martim Moniz, inakoanzia, asubuhi na mapema. Vile vigari vinavyovutwa kwa kebo kupanda vilima msivitie katika mpango wenu bila kuuliza kwanza, kwa kuwa huduma yake ilisimamishwa baada ya ajali ya kigari cha Glória ya Septemba 3, 2025, iliyoua watu 16.

BintiMalindi

Nawashukuru sana. Hilo la kushuka sikulifikiria kamwe, na sasa naelewa kwa nini mama hulalamika akiteremka ngazi za hospitali kuliko akizipanda. Nimeshamwandikia mwenye chumba Saldanha. Je, kwenye kaburi lenyewe kuna ngazi nyingi? Na twende mwezi gani?

Mwanasafari_Tanga

Kaburi limo katika kanisa la monasteri ya Jerónimos, mtaa wa Belém, na humo mama atatembea kwa raha, kwa kuwa mtaa wote uko kando ya mto na ni tambarare. Kutoka Praça da Figueira pandeni tramu namba 15. Subirini zile ndefu za kisasa, ambazo sakafu yake iko chini. Kaburi liko karibu na mlango, na la mshairi Camões liko upande wa pili. Msiende Jumatatu, kwani monasteri hufungwa.

Ama kuhusu mwezi, nendeni Mei au mwishoni mwa Septemba. Kuanzia Novemba mvua huwa nyingi na vijiwe huwa hatari, na Julai na Agosti jua ni kali. Usiku wa Juni 12 ni sikukuu ya Mtakatifu Antonio, na Alfama hufurika watu kiasi kwamba mwenye fimbo hana pa kupita.