mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) hasi lakini mtoto anachemka: hoja ya mama ina kasoro gani?

nesi_mwanafunzi:
Wakuu, heshima kwenu. Naomba kueleweshwa. Mtoto wa miaka 2, joto nyuzi 38.9, mRDT hasi. Mama anasema: "Mwanangu akiwa na malaria huchemka hivihivi, na mara ya mwisho alipewa dawa mseto akapona. Mpeni dawa." Naona hoja ina kasoro, ila nikiambiwa nionyeshe ilipo nakwama. Na kinyume chake: mtoto kamaliza ALu (dawa mseto ya malaria) siku 10 zilizopita, karudi na homa, mRDT chanya. Tuseme dawa imegoma?

Zamu_ya_Usiku:
Kasoro ya kwanza ni kugeuza sentensi. "Akiwa na malaria huchemka" inaweza kuwa kweli kabisa, lakini haizai "akichemka ana malaria". Mvua ikinyesha ua unalowa. Ukikuta ua umelowa, huenda jirani kamwaga maji ya kufulia. Homa huletwa pia na nimonia, sikio, koo, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), homa ya uti wa mgongo, na virusi chungu nzima.

Ya pili ni "alipewa dawa akapona". Homa nyingi za virusi kwa watoto huisha zenyewe baada ya siku chache, kwa hiyo dawa yoyote iliyotangulia hupata sifa ya bure. Panadol nayo ni hivyohivyo: joto likishuka baada ya kuinywa, bado hujajua chanzo.

Ila mama asipuuzwe. Mtoto anaumwa kweli, anachokosea ni jina la ugonjwa tu. Anza na dalili za hatari: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au hajitambui. Ikiwepo hata moja, hiyo ni dharura, acha mjadala. Kama hakuna, hesabu pumzi dakika nzima, mtoto ametulia mikononi mwa mama, halii. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, maana ukikosea pumzi 1 umekosea 4. Kwa miaka 2, pumzi 40 au zaidi ni kupumua haraka. Ile 50 ni ya miezi 2 hadi kabla ya kufikisha mwaka, na watu huzichanganya kila siku. Kisha masikio, koo, shingo kukakamaa, ngozi, mkojo.

Maabara_Kwanza:
Naongeza upande wa kipimo, maana "hasi" nayo ina masharti. Mstari wa C (unaoonyesha kipimo kimefanya kazi) usipotokea, hicho kipimo ni batili, hata kama T (mstari wa malaria) imeonekana, chukua kingine. Mstari wa T ukiwa hafifu ni chanya, usibishane nao. Damu ikizidi au ikipungua, matone ya kimiminika yakikosewa, au pakiti ikifunguliwa mapema ikanyonya unyevu, majibu yanaharibika. Soma kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, kwa vingi ni dakika 15 hadi 20. Ukisoma dakika ya 5 unaweza kuikosa chanya hafifu. Ukikiacha saa nzima, mstari wa uongo unaweza kujitokeza.

Siku 10 baada ya ALu: mRDT nyingi hutafuta HRP2, protini ya vimelea vya malaria, ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Chanya hiyo inathibitisha kwamba vimelea vilikuwepo, basi. Omba slaidi ya darubini. Ikiwa nayo ni chanya, kabla ya kuilaumu dawa uliza: alimeza dozi zote 6? Kama alitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, alirudishiwa dozi? Alipewa na chakula au maziwa? Lumefantrine, mojawapo ya dawa mbili zilizo ndani ya ALu, bila mafuta hufyonzwa kidogo.

hesabu_za_afya:
Kipimo kilekile husema mambo tofauti mahali tofauti. Chukua mfano wa kubuni: kinapatia 95% kwa wenye malaria na 95% kwa wasio nayo. Watoto 2,000 wenye homa, na wenye malaria ni 100 tu. Chanya za kweli ni 95. Kwa wale 1,900 wengine, chanya za uongo nazo ni 95. Yaani ukipata chanya, ni nusu kwa nusu! Sasa peleka mahali ambapo 1,000 kati ya 2,000 wanayo: chanya za kweli 950, za uongo 50. Upande wa hasi ni kinyume: kwenye malaria chache, hasi 1,805 ni sahihi na 5 ndizo zinazodanganya. Kwa hiyo uliza kwanza mtoto katokea wapi na kama kasafiri.

nesi_mwanafunzi:
Asanteni sana. Basi kwenye faili niandike "si malaria"?

Zamu_ya_Usiku:
Hapana. Andika ulichokiona: "Homa 38.9, mRDT hasi saa 4 asubuhi, pumzi 36, hakuna dalili za hatari, chanzo bado." Ukiandika "si malaria", wa zamu inayofuata hatarudia kipimo homa ikiendelea, ukiandika "malaria", hataangalia masikio. Mama mwambie arudi baada ya siku 2 homa ikiendelea, au hapohapo, hata usiku, akiona mojawapo ya zile dalili 4 au mtoto akianza kupumua kwa shida. Kisha mwombe akurudie kwa maneno yake. Akiishia kutikisa kichwa tu, eleza upya.

Maabara_Kwanza:
Nami ningetaka jina la kipimo na namba ya toleo vibaki kwenye rejista. Hasi zikianza kufuatana ghafla msimu wa mvua, hapo ndipo pa kuanzia kukagua boksi.