Ushauri: mjadala baada ya kuonyesha Nosferatu, Lubumbashi

MwanaKatuba: Jambo bandugu. Klabu yetu ya sinema hapa Katuba itaonyesha Nosferatu ya Murnau (1922), filamu ya Kijerumani kuhusu vampaya, yaani mfu anayenyonya damu za watu. Watakuja wanafunzi wa sekondari na wazee wa kartie. Nataka tuzungumzie jamii na siasa, tusiishie kwenye uchawi. Nianzie wapi?

Sinema_Lshi: Anzia kwenye nakala. Picha za usiku zilipigwa mchana, kisha zikatiwa rangi ya buluu. Nakala nyingi za mtandaoni hazina rangi hiyo: Orlok, yule vampaya, anabeba jeneza lake mjini kweupe, halafu mwishoni jua linamuua na hakuna anayeelewa kwa nini. Tafuta iliyorudishiwa rangi, ya dakika 94 hivi. Filamu haina sauti, kwa hiyo maandishi yake yatafsiriwe mapema na msomaji mmoja ayasome kwa Kiswahili. Akitafsiri papo hapo, picha zitamwacha nyuma.

KalamuYaKenya: Usiulize “vampaya ni nani?” Uliza mji unafanya nini. Ujerumani ilikuwa imeshindwa vita mwaka 1918, na mafua makubwa yalikuwa yameua watu wengi. Angalia mpangilio: Knock, dalali wa nyumba, anamtuma mfanyakazi wake Hutter akamuuzie Orlok nyumba, kwa hiyo Orlok anaingia mjini kama mnunuzi halali. Meli inaleta panya. Mpiga ngoma anasoma agizo kwamba wanaoshukiwa kuwa na tauni wasipelekwe hospitali. Milango inachorwa misalaba kwa chaki. Ndipo umati unamkimbiza Knock kwa mawe, hadi unairarua sanamu ya kutishia ndege ukidhani ni yeye. Knock ana hatia zake, lakini tauni haikutoka kwake. Simamisha filamu hapo, uulize: wamepata nini?

Jambo jingine usilikwepe. Pua ile, vidole vile, mgeni wa mashariki anayekuja na panya: wachambuzi wengi wanaona humo chuki dhidi ya Wayahudi. Wakati huohuo Galeen aliyeandika hadithi ya filamu, na Granach aliyeigiza Knock, walikuwa Wayahudi. Yaseme yote mawili.

Mampala: Wazee watawataja batumbula, wale wakamataji wa watu wa kwenye uvumi, hata usipouliza. Enzi za Wabelgiji, Élisabethville (Lubumbashi ya leo) ilivumishwa kwamba watu wanakamatwa usiku kwa ajili ya Wazungu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, anachukua uvumi wa namna hiyo kama ushahidi wa jinsi watu walivyouona ukoloni. Uliza basi: maneno yale yalisema nini juu ya kazi na madaraka? Usiulize nani alikuwa mutumbula. Jina la familia ya jirani likitajwa, umezalisha Knock mwingine ndani ya ukumbi.

MwanaKatuba: Asanteni sana. Kusimamisha katikati hakutawaudhi watu?

Sinema_Lshi: Kutawaudhi, na hapo sikubaliani na Kalamu. Andika dakika kipande cha umati kinapoanzia, filamu iishe, kisha ukirudie peke yake, bila msomaji. Uliza swali moja tu, na wanafunzi waseme kwanza. Wazee wakitangulia, vijana watanyamaza.