Mwili ukiwa chini ya maji, nani azame?

Mtoa mada, Mwanza

Ndugu zangu, jambo hili limenikaa rohoni tangu mwaka jana. Leo naliweka hapa tulijadili.

Mtoto wa baba yangu mdogo alizama ziwani usiku, mtumbwi ulipopinduliwa na upepo. Kulipopambazuka wavuvi wa mwalo wetu, pale mitumbwi inapotia nanga, walikuwa wameshaingia majini, wanapiga mbizi kwa pumzi zao wenyewe. Mitungi ya hewa hawana, na miwani ya maji ilikuwa moja tu, wanapokezana. Saa nne asubuhi akafika afisa wa taasisi ambayo sitaitaja, akawaamuru watoke wote, wasubiri kikosi kutoka mjini. Kikosi kikafika kesho yake jioni. Siku ya tatu maiti ilielea yenyewe, ikaonwa na mama muuza dagaa aliyekuwa akichota maji kando ya matete.

Sidai kwamba wangemtoa hai. Ninachouliza ni hiki: kwa nini mtu anayejua kila mwamba wa pale afukuzwe majini, huku asiyepajua akisubiriwa siku nzima?

MV Nyerere ilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati la Bwisya kisiwani Ukara, wa kwanza kuwafikia watu walikuwa wanakijiji na wavuvi. Walikufa watu 228 kwenye kivuko kilichoruhusiwa kubeba 101. Ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, waliotangulia ni wavuvi vilevile. Walinusurika 24, na kijana mvuvi Majaliwa Jackson, aliyesaidia kuufungua mlango wa nyuma, baadaye akapewa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Yaani tunamwajiri baada ya msiba. Kabla ya msiba tunamwita mvamizi.

Hoja yangu: wanaojitolea wasizuiwe. Watambuliwe, wafunzwe, wapewe mitungi na bima. Karibuni.

Mchangiaji, Unguja

Pole sana kwa msiba, kaka. Mimi ni mwalimu wa uzamiaji, kazi hii naifanya mwaka wa kumi na nne sasa. Kuhusu bima na mafunzo tuko pamoja. Kuhusu mitungi nakupinga kabisa, na nakuomba unisikilize hadi mwisho.

Anayepiga mbizi kwa pumzi yake hubeba ile hewa moja aliyoivuta juu. Hatari yake kubwa ni kuzimia akiwa anapanda, na akiwa na mwenzake juu anaweza kudakwa. Wa mtungi ni habari nyingine. Anavuta hewa iliyobanwa. Akishtuka, akapanda huku amebana pumzi, mapafu yanaweza kupasuka hata kama alikuwa mita chache tu chini. Akikaa kina kirefu kisha akapanda haraka, naitrojeni iliyoingia mwilini inatoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa ghafla, inaingia kwenye viungo na uti wa mgongo. Waulizeni wazamiaji wa jongoo bahari huku kwetu pwani. Wapo vijana waliopewa mtungi na tajiri bila somo hata la siku moja, leo wanatembelea magongo. Wengine walizikwa.

Kila mita 10 unazoshuka zinaongeza mzigo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kuanzia mita 30 hivi, hewa ya kawaida inaanza kulevya. Mtu anacheka peke yake chini, anasahau kutazama kipimo. Watalii tunawakomesha mita 40.

Na tusisahau MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Meli ilikuwa imepinduka, bado inaelea, ndani watu wanagonga bati. Waliotaka kuwaokoa wakatoboa tundu. Hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka, meli ikashuka na watu wake. Nia ilikuwa njema, kilichokosekana ni ujuzi. Kwa hiyo yule afisa wako alikosea kuwaacha watu wakae bure siku nzima, lakini hofu yake ilikuwa na msingi.

Mchangiaji, Ukerewe

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mvuvi, nimeshatoa watu majini, idadi sikuiweka.

Dada wa Unguja anasema kweli. Ila niwaambie jinsi kazi yenyewe ilivyo, maana naona wengi wanaisikia kwa mbali. Ziwani chini huoni kitu. Unafumba macho au unafumbua, ni yaleyale. Unatafuta kwa mikono. Sisi tunashusha jiwe lenye kamba pale mtu alipoonekana mwisho, mmoja anashika kamba anazunguka, akimaliza duara anaongeza urefu wa mkono, anazunguka tena. Ukigusa matope, endelea. Ukigusa nguo, moyo unasimama. Mara ya kwanza mimi niligusa nywele za mtoto. Nilipanda bila yeye, nikatapika mtumbwini, kisha nikarudi kumchukua kwa sababu mama yake alikuwa amesimama ufukweni ananitazama.

Malipo yetu huwa mafuta ya injini, soda na wali wa msibani. Kuna aliyewahi kupendekeza tulipwe kwa kila maiti. Nilikataa na bado nakataa. Ukiweka bei kwenye maiti, kesho atatokea mtu aliyeiona akaificha chini ya mwamba mpaka familia ipandishe dau. Tulipeni siku ya kazi, tumepata au hatukupata. Na mtu atuulize baadaye tunalalaje.

Mchangiaji, Mombasa

Mimi nataka kuwasemea waliobaki nchi kavu, kwa sababu naona mnazungumzia wanaopiga mbizi tu.

Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka kivuko cha MV Harambee hapa Likoni, likashuka na mama na binti yake mdogo. Lilitolewa Oktoba 11. Siku 13. Mji mzima ulikuwa unasimama pale kivukoni kutazama maji. Watu walikuwa wanatukana wazamiaji wa jeshi la wanamaji, wanawaita waoga, na vijana wa mtaani wanapiga vifua kwamba wao wangeshuka hata kesho. Kisha gari likapatikana mita 58 chini, kwenye mkondo ambao meli kubwa hupita. Tangu siku hiyo nimeacha kumwita mzamiaji mwoga.

Lakini msiseme maiti ni maiti tu. Bila mwili hakuna cheti cha kifo kwa urahisi. Kwa sheria ya Kenya, mtu huhesabiwa amekufa baada ya kutosikika miaka 7. Katika miaka hiyo ardhi haigawanywi, pesa za benki haziguswi, na mjane hajui eda yake aihesabu kuanzia lini. Jirani yangu alipotelewa na mume baharini. Mpaka leo mlango wake wa nje haufungi kwa komeo usiku.

Mchangiaji, Dodoma

Naomba niwe mkali kidogo. Mtu akishakaa chini ya maji saa nzima, kwa kawaida mnachotafuta si uhai tena. Kwa nini tumtume kijana mwenye watoto akamfuate aliyekwisha kufa?

Dave Shaw, Mwaustralia, mzamiaji hodari kuliko sisi sote hapa, alishuka shimo la maji la Boesmansgat kule Afrika Kusini tarehe 8 Januari 2005 kuuchukua mwili wa Deon Dreyer, aliyefia humo mwaka 1994. Kina kilikuwa kama mita 270. Alijitolea mwenyewe, kwa huruma tu. Kamba zikamnasa, akafa. Siku chache baadaye walipokuwa wanavuta kamba, miili yote miwili ikaja juu. Wazazi walimzika mtoto wao, na mke wa Shaw akawa mjane. Nani atanieleza hesabu hiyo ni ya haki?

Mtoa mada

Nimesoma yote, mengine mara mbili.

Ndugu wa Dodoma, swali lako limenishinda kulijibu jana usiku. Asubuhi nimelijibu hivi: Shaw aliamua mwenyewe, na uamuzi huo siwezi kumnyang'anya. Lakini kijana wa mwaloni haamui mwenyewe. Mama amesimama ufukweni analia, wazee wanamtazama, diwani anatazama. Akikataa, jina lake limeharibika kijiji kizima. Kwa hiyo naongeza kwenye hoja yangu kitu ambacho sikukiona mwanzoni: anayeshuka ndiye awe na neno la mwisho, na awepo mtu mwingine, asiye ndugu wa marehemu, wa kusema "leo basi" badala yake.

Na ile saa nzima ya ndugu wa Dodoma isiwe sheria ya chuma. Ukara fundi mmoja wa MV Nyerere alitolewa akiwa hai siku ya pili baada ya ajali, alikuwa kwenye sehemu iliyobaki na hewa. Wangefunga hesabu mapema, angekuwa maiti ya 229.

Dada wa Unguja, kwenye mitungi nimenyoosha mikono. Nilidhani tunawanyima silaha, kumbe ningewapa sumu. Nabaki na hili: mita 10 za kwanza, siku ya kwanza, ziwe za wavuvi kwa idhini ya maandishi ili afisa yeyote asiwafukuze. Chini ya hapo, kikosi cha serikali chenye mitungi, na kikosi hicho kiwe Mwanza, Bukoba na Musoma, si mji mmoja tu. Kinapofika kiongozwe na mvuvi wa mahali pale, kwa sababu mkondo anaujua yeye. Malipo kwa siku, kama alivyosema mwenzetu wa Ukerewe.

Jumamosi tuna mkutano wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia mwalo. Nitalipeleka hili mezani. Dada, ungeweza kuja kutufunza?

Mchangiaji, Unguja

Nitakuja, nauli nitajilipia. Msinunue kitu chochote cha kupumulia kabla sijafika. Nunueni kamba mita 100, mfunge fundo kila mita, na miwani ya maji kumi. Na kaka wa Ukerewe awepo, nami nina mengi ya kumuuliza, hasa lile la usingizi.

Mchangiaji, Ukerewe

Nitakuwepo. Kamba ninayo.